Mcheza Kwao Hutuzwa: Lakini kwa Kipimo Gani?



Wazee wetu walisema: Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii twaipenda, na kila mwaka twaitumia. Mwalimu akistaafu, mkatekista mzee akipumzishwa kazi, kiongozi wa kwaya akihamia mji mwingine, wakristu huchanga fedha, akina mama hupika, mbuzi hupatikana, na hotuba husomwa. Ni desturi njema, maana mtu asiyejua kushukuru amepungukiwa na utu. Lakini methali haisemi mchezaji atuzwe kiasi gani, wala kwa muda gani, wala ni nani atakayelipa gharama. Hayo ndiyo tunayotaka kuyachungua leo. Nasi tutayachungua kwa habari za mtu mmoja ambaye vijana wetu wamelivaa jina lake mgongoni: Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani.

Jina lake huwachekesha watoto wetu, kwani kwetu kobe ni yule mnyama wa gamba aendaye polepole. Mwenyewe hakuwa wa polepole hata kidogo. Alijipa jina la pili, Black Mamba, yaani yule nyoka mwenye sumu kali tumwitaye koboko, wala si mamba wa mtoni. Basi tangu sasa tutamwita Bryant tu, wanyama hawa wasije wakatuchanganya.

Bryant aliacha mchezo mwaka 2016. Kabla ya kuondoka aliagwa kwa muda wa miezi minne na nusu, mji kwa mji, kwa zawadi, vigelegele na machozi. Je, alistahili? Wengine husema: Alistahili hayo yote na zaidi. Wengine husema: Zilikuwa kelele tupu, maana alikwisha lipwa mshahara wake. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli. Hebu tuzitazame nusu hizo moja moja.

Kazi aliyoifanya

Bryant alizaliwa mjini Philadelphia mwaka 1978. Baba yake, Joe Bryant, naye alikuwa mchezaji, akaenda kucheza Italia, na mtoto alilelewa huko miaka kadhaa hata akajua Kiitalia. Mwaka 1996, mara tu alipomaliza shule ya sekondari, aliingia katika ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA. Klabu ya Charlotte ilimchagua, kisha ikampitisha kwa klabu ya Lakers ya Los Angeles. Hapo alikaa misimu 20, wala hakuvaa fulana ya klabu nyingine mpaka mwisho. Tusilidharau jambo hilo. Katika ligi ile wachezaji hubadilishwa kila mwaka kama bidhaa sokoni, na kudumu mahali pamoja miaka 20 ni uaminifu usioonekana mara nyingi.

Alitwaa ubingwa mara 5: mwaka 2000, 2001, 2002, 2009 na 2010. Tarehe 22 Januari 2006 alifunga pointi 81 katika mchezo mmoja dhidi ya Toronto. Hadi siku ile alikuwako mtu mmoja tu katika ligi aliyewahi kuipita hesabu hiyo, naye ni Wilt Chamberlain, aliyefunga pointi 100 mwaka 1962. Tena Bryant alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mara mbili, Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012.

Lakini hesabu peke yake haimfanyi mtu apendwe. Watu walimpenda kwa bidii yake. Tarehe 12 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 34, alikatika kano ya kisigino katikati ya mchezo. Mtu wa kawaida angebebwa. Yeye alikwenda mwenyewe mpaka mstarini, akatupa mitupo yake miwili ya adhabu, yote miwili ikaingia, ndipo akatoka uwanjani. Alirudi kucheza mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akavunjika goti. Akarudi tena, na mwezi wa Januari 2015 akaumia bega. Akarudi mara ya tatu.

Basi, kusema kwamba mtu wa namna hii hakustahili shukrani ni kukosa haki. Wala si jibu kusema kwamba alilipwa. Mwalimu naye hulipwa, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa, walakini twamshukuru. Mshahara hulipa saa za mtu. Moyo aliouweka katika saa hizo haulipwi kwa fedha.

Jinsi alivyoagwa

Tarehe 29 Novemba 2015 Bryant alitangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho. Alitangaza kwa shairi, akiuandikia mchezo wenyewe kama mtu amwandikiavyo rafiki. Usiku ule, watazamaji waliofika uwanjani Los Angeles walipewa kila mmoja barua yake ya kuwaaga.

Kuanzia hapo kila mji ulikuwa na kwaheri yake. Tarehe 1 Desemba alifika Philadelphia, mji wa kuzaliwa kwake. Julius Erving, mchezaji mkuu wa zamani, pamoja na kocha aliyemfundisha Bryant shuleni, walimkabidhi fulana yake ya sekondari. Erving aliijua vema desturi hiyo, maana yeye mwenyewe aliagwa mji kwa mji mwaka 1987. Baada yake Kareem Abdul-Jabbar aliagwa vivyo hivyo mwaka 1989, akapewa zawadi za kila namna, tangu kiti cha kubembea cha wazee hata motokaa ya Rolls-Royce. Kwa hiyo tusimlaumu Bryant kana kwamba ndiye aliyeianzisha. Aliikuta.

Mwezi wa Februari 2016 wachezaji bora wa ligi walikutana Toronto kwa mchezo wao wa kila mwaka. Watu hupiga kura kuwachagua, na Bryant alipata kura nyingi kuliko wote, karibu milioni 1.9. Kisha ikafika tarehe 13 Aprili 2016, mchezo wa mwisho, dhidi ya Utah. Bryant, mtu wa miaka 37 mwenye mwili uliochakaa, alifunga pointi 60, na Lakers wakashinda 101 kwa 96. Watu wazima walilia. Nasi tulioona picha za usiku ule hatukukaa kama mawe.

Hesabu isiyosomwa katika hotuba

Sasa tuigeukie nusu ya pili ya kweli. Msimu ule Lakers walishinda michezo 17, wakashindwa 65. Klabu haikuwahi kuona msimu mbaya hivyo tangu kuanzishwa kwake. Ule usiku wa zawadi mjini Philadelphia, timu ya pale ilikuwa imeshindwa michezo yake yote 18 ya msimu. Usiku ule iliwashinda Lakers. Bryant alitupa mpira kikapuni kuliko mwenzake yeyote, walakini katika kila mitupo 100 hakuingiza hata 36. Hakuwahi kutupa vibaya hivyo maishani mwake, na ndio msimu aliopigiwa kura nyingi kuliko wote. Mshahara wake ulikuwa dola milioni 25, mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote katika ligi.

Tutazame tena zile pointi 60 za mwisho. Ili azipate alitupa mara 50, akaingiza mitupo 22. Hakuna kocha ampaye mchezaji ruhusa ya kutupa mara 50 ikiwa shabaha ya timu ni kushinda. Alipewa kwa kuwa shabaha ya usiku ule ilikuwa yeye. Na si usiku ule tu. Msimu mzima wa michezo 82 uligeuzwa kuwa sherehe ya mtu mmoja. Katika timu ile walikuwamo vijana walioanza kazi, ambao msimu huo ulipaswa kuwa shule yao. Wakawa kama wahudumu wa karamu. Na karamu ilipokwisha, kocha Byron Scott aliondolewa kazini mwezi ule ule wa Aprili.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Twamlaumu mgema, na ni haki. Lakini tuwatazame na wanaomsifu. Klabu iliuza tiketi, ikauza fulana na kofia za kumbukumbu. Timu iliyoshindwa michezo 65 ingeuza nini, kama isingeuza kwaheri? Hapo twaanza kushuku kwamba si kila aliyepiga makofi alikuwa akishukuru. Wengine walikuwa wakifanya biashara.

Tena, usiku ule ule wa tarehe 13 Aprili, timu ya Golden State katika mji wa Oakland ilishinda mchezo wake wa 73 wa msimu, ikaivunja hesabu ya 72 iliyowekwa na Chicago katika msimu wa 1995-96. Hakuna timu iliyowahi kufanya hivyo. Ilikuwa kazi ya watu wengi waliopeana mpira, nayo ilipaswa kuwa habari ya kwanza katika dunia ya mchezo huo. Walakini macho ya wengi yalikuwa Los Angeles, yakimtazama mtu mmoja akitupa mara 50. Kidole kimoja hakivunji chawa, twawafundisha watoto. Kisha twawaonyesha kidole kimoja na kukipigia makofi.

Wawili walioondoka kwa njia nyingine

Mwaka ule ule wa 2016 aliondoka mchezaji mwingine ambaye kazi yake haikuwa ndogo kuliko ya Bryant. Ni Tim Duncan, mwana wa visiwa vya Virgin vya Marekani. Misimu 19, yote katika klabu ya San Antonio. Ubingwa mara 5. Msimu wake wa mwisho alipokea yapata dola milioni 5, ingawa zamani alikuwa akipata mara kadhaa ya hizo. Alikubali kupunguziwa, na fedha hizo zikasaidia klabu kuwapata wenzake wa kucheza naye. Mwezi wa Mei alicheza mchezo wa mwisho ugenini, Oklahoma City, wakashindwa. Tarehe 11 Julai klabu ilitoa tangazo kwamba Duncan ameacha. Basi.

Wengine watasema: Duncan naye alikosa, maana aliwanyima watu wake nafasi ya kusema ahsante. Sivyo. Tarehe 18 Desemba 2016 alirudi San Antonio, fulana yake namba 21 ikatundikwa juu uwanjani, wenzake wakasema maneno, naye akasema machache. Jioni moja, nyumbani, mbele ya watu waliomjua.

Wa pili ni wetu, Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, aliyepambana na Bryant katika fainali ya mwaka 2001 akiwa na timu ya Philadelphia. Mutombo alicheza misimu 18. Mwezi wa Aprili 2009 aliumia goti uwanjani Portland, na mwenyewe akasema kwamba kazi yake ya mpira imekwisha. Hakupata msimu wa kuagwa. Lakini miaka miwili kabla ya siku hiyo, mwaka 2007, hospitali aliyoijenga kwa sehemu kubwa kwa mali yake ilikuwa imekwisha funguliwa Kinshasa, kwa jina la mama yake, Biamba Marie. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 hakuna aliyeuliza kama aliagwa vizuri mwaka 2009.

Mtu asiyealikwa karamuni

Lipo jambo jingine, nalo ni zito kuliko mitupo na mishahara. Twaliandika kwa uangalifu.

Mwaka 2003, katika jimbo la Colorado, msichana wa miaka 19, mfanyakazi wa hoteli, alimshitaki Bryant kwamba amemlazimisha. Bryant alikiri kwamba amemkosea mkewe kwa uzinzi, lakini akakana kutumia nguvu. Mwezi wa Septemba 2004 mashtaka yaliondolewa, kwa kuwa msichana hakutaka tena kutoa ushahidi. Siku hiyo Bryant alitoa maneno ya kuomba radhi, akisema kwamba yeye aliamini wamekubaliana, lakini sasa amefahamu kuwa msichana hakuliona jambo hilo hivyo. Mwaka 2005 kesi ya madai ilimalizwa kwa mapatano ya siri. Mahakama haikumtia Bryant hatiani, wala sisi hatujifanyi mahakama. Tena alikuwa Mkatoliki, na baadaye alisimulia kwamba katika siku zile padri alimsaidia kuuchukua mzigo wake. Mtu ana haki ya kutubu na kuanza upya.

Lakini yule msichana? Katika hotuba za miezi ile minne na nusu uwanjani, sisi hatukusikia neno juu yake. Bila shaka watasema kwamba sherehe si mahali pa kukumbusha maovu. Ni kweli. Hatutaki mtu asimame katikati ya karamu na kusoma makosa ya mwenye kuagwa. Ila twauliza: Kwa nini sherehe ilikuwa kubwa kiasi kwamba kweli haikupata tena mahali pa kukaa?

Hapa ndipo twaona tofauti ya shukrani na kutukuza. Shukrani hutaja tendo. Husema: Ulitufanyia hili na hili, ahsante. Ina mwanzo na mwisho, na aweza kuitoa hata mtu ajuaye makosa yako, kwa sababu haidai kwamba huna kosa. Kutukuza hakutaji tendo, humtaja mtu. Husema: Wewe ndiwe. Hakuna mwisho wake, na hudai kwamba wote walioumia wanyamaze, wasiiharibu furaha. Watu wa Los Angeles walikuwa na deni la shukrani kwa Bryant, nao walilipa. Lakini katika kulipa walipita mpaka, na sehemu ya gharama wakamtwika mtu ambaye hakualikwa.

Kisha kikaja kifo

Tungeweza kuishia hapa. Lakini tungekuwa wadanganyifu, kwa maana lipo jambo lililotufanya tuyapime upya maneno yetu wenyewe.

Jumapili tarehe 26 Januari 2020, Bryant alisali asubuhi kanisani karibu na nyumbani kwake, kisha akapanda helikopta pamoja na binti yake Gianna, mwenye umri wa miaka 13, na watu wengine. Walikuwa wakienda kwenye mchezo wa timu ya wasichana ambayo yeye mwenyewe aliifundisha. Helikopta ilianguka katika vilima vya Calabasas, na wote 9 walifariki. Bryant alikuwa na miaka 41.

Hata miaka minne haikuwa imetimia tangu aagwe. Tuliokuwa tumesema kwamba kwaheri ile ilizidi, tuliona haya kidogo. Kwani waliompigia makofi mwaka 2016 walimpigia akingali anasikia. Na kwetu sisi mambo yakoje? Mara ngapi mwalimu mzee amekaa nyumbani kwake miaka 10 bila mtu kumpelekea hata kilo ya sukari, na siku ya maziko yake hotuba zikaanza asubuhi zikaisha jua likitua? Jeneza halisikii. Afadhali wale wa Los Angeles waliozidisha kuliko sisi tunaochelewa.

Kwa hiyo hatusemi kwamba shukrani zipunguzwe. Twasema ziwahi, ziwe fupi, tena ziwe za kweli.

Hukumu yetu

Je, Bryant alistahili kuagwa kwa heshima? Alistahili, kwa miaka 20 ya uaminifu na kwa ile mitupo miwili aliyoitupa na kano iliyokatika. Je, alistahili msimu mzima? Hapana, wala hakuna mwanadamu anayestahili msimu wa wengine. Turudi kwenye methali yetu. Haisemi tu kwamba mchezaji hutuzwa. Husema: mcheza kwao. Atuzwe nyumbani, na watu waliomwona akicheza, kwa kile alichokicheza. Tarehe 18 Desemba 2017 Lakers walizitundika fulana zake mbili, namba 8 na namba 24, katika uwanja wake mwenyewe. Jioni ile ilitosha.

Na sisi, tutakapomwaga mwalimu wetu au mkatekista wetu, tujiulize mambo matatu kabla ya kuchanga fedha. Kwanza: Je, tutataja matendo yake, au tutammiminia sifa ambazo zingemfaa mtu yeyote? Pili: Ni nani atakayelipa, na je, amekubali? Maana kuna karamu zilizowafanya wajane wakope. Tatu, na hili ndilo kubwa: Kama yupo mtu aliyeumizwa na huyu tunayemwaga, je, ataweza kuketi nyuma ukumbini, akasikiliza hotuba zetu mpaka mwisho, asione kwamba tumemfuta?

Tukiweza kujibu vema hayo matatu, basi mbuzi achinjwe na ngoma ipigwe. Na kesho yake asubuhi, yule aliyeachiwa kazi aikute meza imefutwa na kiti ki wazi.